Skrini ya dirishani: Noella anayetaka kila mkulima auone mchele wake

Saa mbili asubuhi, Kimanga, mjini Uvira. Noella Nyirabahizi amelala chali chini ya mashine ya kuchambua mchele, tochi ndogo mdomoni, akikaza waya mweusi kwenye kisanduku cha kamera. Kutoka pale chini anawajua watu kwa viatu vyao: kandambili za wanawake wanaofagia pumba, mabuti ya mpira ya wabeba magunia, sandali za mwenyekiti wa ushirika zilizoshonwa mara mbili.

Viatu vilivyosimama karibu na kichwa chake asubuhi hii ni vigeni kwake. Ni vya ngozi, vina kamba, na vimejaa vumbi la njia ya Bukavu.

"Mwenye kuunga kable ya pili njo nani?" mwenye viatu anauliza.

"Njo minye," Noella anajibu, tochi ikiwa bado mdomoni. Anaitoa. "Na weye njo nani?"

"Thierry. Nimetoka Bukavu. Nimetumwa kuikata."

"Basi ngoja nimalize hii. Kable haina miguu, haitakimbia."

Anatoka chini ya mashine, anajifuta unga wa mchele usoni kwa kiwiko, kisha anaomba mgeni aletewe kiti na maji. Mgeni ni mgeni, hata aliyekuja na koleo.

Noella ana miaka ishirini na tisa. Ni fundi wa umeme katika kinu cha mpunga cha ushirika wa wakulima wa bonde la Ruzizi. Wakulima humwita Noella wa Jicho. Jicho lenyewe ni kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa Biblia, chenye lenzi, taa na akili ndogo ndani yake. Mchele uliokwisha kukobolewa hushuka mbele yake kama maji ya mfereji, na Jicho hutazama punje moja moja. Likiona jiwe au punje nyeusi, midomo midogo ya hewa hupuliza na kuitupa pembeni, kwenye ndoo.

Lakini Jicho halifanyi lolote likiwa peke yake. Kazi ya Noella ni kuliunganisha na vyombo vinavyolisikiliza.

"Jicho linaona, lakini halina mudomo," anasema. "Ukiliacha hivi, litaona mpaka kesho na hakuna muntu atajua limeona nini. Minye naliunga na wale ba kulisikia. Naleta umeme, naleta kable, halafu kila kompyuta naipa adresi yake. Usipoipa adresi yake, iko fujo."

Fujo hiyo anaijua. Mwanzoni mwa msimu, alipounga kompyuta ya pili kwa mara ya kwanza, aliipa anwani ileile ya kompyuta ya kwanza. Mashine ilisimama hadi mchana.

"Ni kama uko kisimani unaita jina Amahoro, na ba-Amahoro babili banageuka," anasema na kucheka. "Utamupa nani ndoo?"

Kompyuta ya kwanza iko katika chumba kidogo chenye mlango wa chuma. Hiyo ndiyo inayoamuru midomo ya hewa. Ya pili iko kwenye dirisha linalotazama baraza, skrini yake imegeuziwa nje. Haiamuru kitu. Inaonyesha tu kile Jicho linachokiona: punje zikipita, na zile zinazotupwa zikizungushiwa duara jekundu.

Ni hii ya pili iliyomleta Thierry.

*

Ili kuelewa kwa nini fundi anaweza kubishana juu ya skrini moja, inabidi kurudi kwenye wiki ambayo Jicho lilifika Kimanga.

Mashine ya kuchambua ni mali ya ushirika. Jicho si lao. Wameliazima kwa mavuno mawili kutoka kampuni ya Bukavu inayonunua mchele wao. Kampuni ilisema mchele ukiwa safi utauzwa kwa bei nzuri zaidi, nayo ilisema kweli. Ilileta kisanduku, maelezo yake, na agizo moja: Jicho lifundishwe kwa kuonyeshwa mchele mzuri na mchele mbaya wa hapa hapa.

Noella aliwaomba wanawake wa kinu walete mchele mzuri. Waliuleta. Waliupepeta kwa ungo, wakaokota mawe, wakaupepeta tena, wakatoa kila punje iliyovunjika. Mmoja aliuleta umefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Tulijua kuko mugeni anakuja kutazama mchele wetu," anasema Noella. "Nani anapakulia mugeni mchele wa kila siku? Na minye nilifurahi. Sikuwaza."

Jicho likajifunza kwamba mchele mzuri ni mchele wa mgeni. Mchele wa kila siku likauona takataka.

Siku ya kwanza ya kazi, ndoo za pembeni zilijaa haraka kuliko magunia. Mchele wa upande wa Luvungi, bondeni, uliumia kuliko wote, kwa sababu punje zake nyingi zina doa jeupe tumboni. Doa hilo halina ubaya wowote, mchele ukiiva linapotea, lakini kwenye mchele wa mgeni halikuwepo. Midomo ya hewa ikapuliza na kupuliza.

Wakulima walikuwa nje, mlango wa chuma umefungwa. Waliingiza magunia yao wakarudishiwa nusu na robo. Hakuna aliyewaambia kitu walichoweza kukiamini.

Georgette, mkulima wa Luvungi, mama wa watu wazima watano, aliketi mlangoni na kukataa kuondoka.

"Nilisema, huyu musichana wa ng'ombe anatuibia," anakumbuka. Hapunguzi neno. "Bantu ba milima banajua nini mu mpunga? Kwao ni maziwa tu. Nilisema hivyo mbele ya bote, na yeye alisikia."

Noella alisikia. Alizaliwa kwenye nyanda za juu, nyuma ya milima inayoonekana kutoka kila uwanja wa Uvira, katika familia ya wafugaji. Walishuka akiwa mdogo, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuchukuliwa na watu wenye bunduki. Walipanga chumba katika mtaa wa Songo. Baba yake, mzee Gakunzi, alifariki bila kununua ng'ombe mwingine. Mama alipika maandazi, na kwa maandazi hayo Noella akasoma umeme katika shule ya ufundi, msichana peke yake darasani.

"Maneno ya ng'ombe nimeyazoea," anasema. "Lile la kuiba hapana. Lile nilikataa."

Ilimchukua muda kulitambua kosa. Alipolitambua alitoka nje akawaambia wote, bila kulizungusha: Jicho lilifundishwa vibaya, na aliyelifundisha ni yeye. Ndoo zikarudishwa kwa wenyewe, Jicho likafundishwa upya kwa mchele wa sufuria za kila siku. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kurudi kwenye vinu vya zamani, mawe na yote. Uwanja wa ushirika ukawa mtupu kiasi kwamba mbuzi walilala katikati yake.

Jibu alilipata sokoni. Katika soko la Kimanga, muuza mchele anayejiheshimu hukunja mikono ya nguo hadi juu ya kiwiko kabla ya kushika kopo la kupimia. Hupima polepole, mbele ya mnunuzi, na mwisho huongeza kiganja kimoja cha matabishi, ile nyongeza isiyolipiwa. Anayepima mikono ikiwa imefunikwa hauzi.

"Nikajiambia, sisi tunapima na mikono imefunikwa," anasema Noella. "Mulango wa chuma, bantu nje. Hata minye ningekataa."

Akatafuta kompyuta ya pili, ya zamani, iliyokuwa imekaa bure kwa mwenyekiti. Akavuta waya mrefu juu ya kenchi hadi dirishani. Akanunua kigawanyio, kijisanduku kinachowezesha nyaya mbili kufika kwenye Jicho moja. Siku skrini ilipowaka, wabeba magunia waliacha mizigo wakaja kutazama.

Wakulima walirudi kidogo kidogo. Leo baraza ile ina benchi tatu, na kelele zake zinafika barabarani.

"Tazama, hiyo ilikuwa nzuri, imetupwa juu ya nini?"

"Nzuri wapi? Jiwe hilo. Kwako munakula mawe?"

"Simamisha, Noella, simamisha nione."

Naye husimamisha. Hurudisha picha nyuma, wakatazama wote. Mara nyingine mkulima yuko sahihi, na Noella hurekebisha. Mara nyingine ni jiwe.

*

Ni kusimamisha huku ambako kampuni haikutaki.

Thierry anakunywa maji yake, anaeleza bila ukali. Yeye pia ni fundi, ameunga kamera za aina hii katika viwanda vya chai na vya sabuni, na ni wazi kwamba anaipenda kazi yake. Anatazama nyaya za Noella, anagusa viungo, anatikisa kichwa kwa kukubali.

"Umeifunga vizuri," anasema. "Shida haiko kwako. Shida, kazi inasimama kila saa juu ya mabishano. Malori yanangoja. Na mukubwa anasema picha ni ya kampuni, haifai kila muntu aitazame. Anataka Jicho lijue kompyuta moja tu."

"Na mukulima ajue nini?"

"Mimi nilitumwa, dada."

"Najua. Nakuuliza tu."

Kuna jambo lingine, na Thierry analitoa mwisho, kwa sauti ya mtu aliyedhani ni habari njema. Kampuni itaweka macho mengine katika vinu vitatu vya bondeni. Inatafuta mtu wa kuyaunganisha na kuyatunza, kwa mkataba. Jina lililo juu ya orodha ni la Noella. Thierry akipiga simu kabla gari lake halijaondoka saa saba, na kusema kwamba kompyuta ni moja, mkataba ni wake.

Mwenyekiti wa ushirika, Pontien, amesimama mlangoni. Anajua maana ya maneno hayo. Mafuriko yaliangusha chumba ambacho Noella na mama yake walikuwa wakipanga, na tangu wakati huo wanaishi kwenye sebule ya watu. Wana kipande cha kiwanja Songo, upande wa juu ambako maji hayafiki. Kimekaa na mawe ya msingi yaliyorundikwa, basi. Mshahara wa kinu hutosha chakula na dawa ya mama ya shinikizo la damu. Mkataba ungetosha kuta.

"Mwanangu," Pontien anasema polepole, "hii ni nyumba ya mama yako."

Noella anageuka. Anatazama barabara.

"Papa Pontien, leo ni siku ya Mama Georgette."

Pontien anafumba macho. Alikuwa amesahau.

Georgette wa Luvungi hakurudi na wengine. Msimu wote amepeleka mpunga wake kwenye kinu cha zamani, na kila Jumapili, baada ya ibada, amewaambia wenzake kwamba Jicho la Kimanga ni mwizi mwenye taa. Wengi wa Luvungi walimsikiliza. Mwezi uliopita Noella alipanda pikipiki akaenda kwake. Alimkuta akianika mpunga, akasaidia kuugeuza, akaondoka na ahadi moja aliyoitoa mwenyewe.

"Nilimwambia, siku utaleta gunia lako, utauona mchele wako wote ukipita, kutoka punje ya kwanza mpaka ya mwisho. Kama kuko punje moja umefichwa, uniite mwizi kanisani, na jina langu lote."

Georgette alikubali kuja leo, na gunia moja.

"Bwana Thierry, mungoje tu afike," Noella anasema. "Gunia moja. Halafu mutaongea na mukubwa wenu."

Thierry anatazama saa. "Nitangoja."

*

Wanangoja. Saa nne inapita. Saa tano inapita. Upepo wa ziwa unaanza kusukuma vumbi la pumba uwanjani. Mtu anapiga simu Luvungi, anaambiwa mama aliondoka mapema. Simu ya mwendesha pikipiki haipatikani.

Saa sita simu ya Thierry inalia. Anaongea kando, kisha anarudi bila kumtazama mtu usoni.

"Mukubwa anasema sasa hivi. Anasema, kama haikatwi sasa, nisiunge kitu tena hapa."

Noella anachukua mkoba wake wa vifaa, anautua mbele ya Thierry, anaufungua. Bisibisi, koleo, tepu nyeusi, vyote vimepangwa.

"Kata weye," anasema. "Jicho ni lenu, sitakuzuia. Lakini mukono wangu hautakata. Uliunga, hautakata."

Barazani watu wanasogea. Wabeba magunia wawili wanasimama mbele ya dirisha, mikono kifuani. Noella anawaambia wakae.

Thierry anafanya alichotumwa, na anakifanya vizuri. Anatoa kigawanyio. Anaingia kwenye mipangilio ya Jicho, anaandika kwamba litaitambua kompyuta ile ya chumba cha chuma, hiyo moja tu, na anafunga kwa neno la siri. Wakati wote anamweleza Noella anachokifanya, hatua kwa hatua, kama fundi kwa fundi. Kompyuta nyingine yoyote ikiungwa, Jicho litaikataa.

Skrini ya dirishani inakuwa nyeusi. Mzee mmoja anajiinua kwenye benchi, anachukua kofia yake, anaondoka.

"Sasa ni moja," anasema Thierry.

"Moja," anasema Noella.

Ni wakati huo pikipiki inapoingia uwanjani, tairi la nyuma limefungwa kwa mpira wa ndani uliokatwa. Mwendesha pikipiki, Venant, ameloa jasho hadi kiunoni. Nyuma yake, juu ya gunia, ameketi Georgette, mgongo umenyooka kama bibi harusi.

"Tairi lilipasuka mara mbili," Venant anasema. "Mama akakataa kupanda ingine. Anasema gunia haliachiwi muntu asiyemujua."

Georgette anashuka. Anatazama dirisha.

"Ile ekra ya kuonyesha mchele iko wapi?"

Thierry anatazama viatu vyake.

"Nilijua," anasema, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. "Nilisema kwa batoto bangu, nitafika nitakuta imekufa. Venant, geuza."

"Usigeuze," anasema Noella.

Anaingia ndani. Wanasikia mlango wa chuma ukifunguliwa, kisha kitu kikiburutwa. Anatoka ameikumbatia kompyuta ya kwanza, ile inayoamuru midomo ya hewa, skrini juu yake, nyaya zikining'inia hadi magotini. Anaivusha mlango, anaivusha kizingiti, anaiweka juu ya benchi ya barazani, mbele ya Georgette.

Waya mrefu bado unapita juu ya kenchi hadi dirishani. Thierry alitoa kigawanyio, waya hakuutoa. Noella anapanda kwenye kiti, anauchomoa kutoka kwenye kompyuta ya zamani, anauchomeka kwenye hii; amri za midomo ya hewa nazo hupita kwenye waya huohuo. Ndani, Pontien, mwenyekiti mzima, anapiga magoti na kuchomeka mwisho wa pili kwenye Jicho, akielekezwa kwa kelele kutoka dirishani.

"Si hiyo, Papa Pontien, hiyo ni ya taa. Ile nyeusi. Kaza kwa mukono, usitumie koleo."

Jicho linatafuta. Linaitambua kompyuta yake. Ni ileile, imebadilisha kiti tu.

Skrini inawaka.

Simu ya Thierry inalia tena. Safari hii haendi kando.

"Ndiyo, mukubwa. Nimefunga. Kompyuta ni moja." Anasikiliza. "Iko barazani." Anasikiliza kwa muda mrefu. "Hapana, mukubwa. Muliniambia moja. Moja njo hii. Hamukuniambia ikae wapi."

Sauti ya upande wa pili inasikika hadi kwenye benchi, ingawa si maneno. Thierry anashusha simu, anamgeukia Noella.

"Anasema uirudishe ndani sasa. La sivyo, vile vinu vitatu atapewa mwingine."

Noella anashika ukingo wa benchi. Anatazama juu, upande wa Songo, ambako kutoka uwanja huu huwezi kuona kiwanja chao wala mawe yake.

"Mwambie apewe," anasema.

Kisha anakunja mikono ya shati lake, wa kulia, wa kushoto, hadi juu ya viwiko.

"Mama Georgette, mpunga wako uingie."

*

Kuna sababu kompyuta ya aina hii hufungiwa chumbani. Jua la saa saba linaipiga, vumbi la pumba linaingia kila tundu, na mwangaza unaifanya skrini isionekane. Ikizima, mashine nzima inasimama. Wanawake wa kinu wanaleta shitingi, lile turubai la plastiki walilogawiwa wakati wa mafuriko, wanalitandaza juu. Halina pa kufungwa. Basi linashikwa kwa mikono: mwanamke mmoja kona hii, Venant kona ile, mbeba magunia nyingine. Kona ya nne inabaki inapepea hadi Thierry, ambaye gari lake linapiga honi barabarani, anapoishika.

Georgette anakataa kiti. Anasimama pua karibu na skrini.

Mpunga wake unakobolewa, mchele unashuka. Macho yake yanafuata punje. Kisha:

"Ile."

Noella anasimamisha. Duara jekundu. Jiwe.

"Endelea. Ile pale."

Punje nyeusi.

"Endelea. Ile. Hapana, ya nyuma. Rudisha."

Noella anarudisha. Ndani ya duara jekundu kuna punje nzima, nzuri, yenye doa jeupe tumboni.

"Hii ina kosa gani?" anauliza Georgette.

"Haina kosa," anasema Noella. "Jicho limekosea."

"Kumbe linakosea."

"Linakosea, Mama. Njo maana tunalitazama."

Georgette anamgeukia. "Musichana wa ng'ombe," anasema, lakini safari hii mkono wake uko begani kwa Noella. "Endelea."

Wanaendelea, shitingi likitikisika, mikono ya washikaji ikibadilishana, hadi punje ya mwisho. Georgette anainama kwenye ndoo ya vilivyotupwa, anachambua kwa kidole. Anatoa punje zake chache zenye tumbo jeupe, anaziweka kwenye gunia moja moja. Mawe anayaacha.

"Na matabishi?" anauliza.

Watu wanacheka. Noella anachota kiganja kimoja kutoka kwenye gunia la posho yake ya mwezi, mchele wake mwenyewe, anakimimina juu ya gunia la Georgette, mikono wazi hadi viwikoni.

Akiulizwa sasa atafanya nini, Noella hataji mkataba. Muda wa kuazima Jicho utakwisha baada ya mavuno yajayo, na Pontien amesema ataupeleka kwa mkutano wa wakulima mpango wa kununua la kwao. Noella amekwisha kuchora mahali litakapokaa, na nyaya mbili, na kibaraza cha mabati cha kukinga skrini. Mawe ya Songo yatangoja.

"Yamengoja mafuriko mawili," anasema. "Mama husema, jiwe halinyauki. Na siku tutakuwa na Jicho letu, nitaliunga mpaka Luvungi kama kable itafika. Bataona bote."

Thierry amepanda gari, dereva akilalamika. Kupitia dirishani ananyoosha mkono, anampa Noella kile kigawanyio alichokitoa saa sita. Gari linaondoka.

Uwanjani, Venant anafunga kamba za gunia la mchele nyuma ya pikipiki. Georgette anamgonga begani.

"Hiyo ngojea. Enda kwanza kwa dada yangu, pale karibu na soko."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kuko magunia manne ya mpunga niliyaweka pale tangu juzi. Nilikuwa nayapeleka kwa kinu ya zamani." Anarudi kwenye skrini, na sasa anaketi. "Yalete yote. Noella, usizime."